Desemba, Tarehe Arobaini na Nane

Sogeeni karibu, na aliye na tonge mdomoni alimeze kwanza, maana habari hii haifai kusikilizwa mtu akitafuna. Kulikuwa na nchi. Jina lake siwezi kuwatajia, si kwa kuogopa, la. Ni kwa sababu jina la zamani lilikuwa limekwisha kufutwa, na jina jipya lilikuwa bado linasubiri kuzinduliwa rasmi. Basi wenyeji waliiita "hapa kwetu", wageni wakaiita "kule", na mambo yakaenda.

Katika nchi ile hakuna kitu kilichoruhusiwa kuanza chenyewe wala kuisha chenyewe. Kisima kilijaa maji, lakini hakichotwi mpaka kifunguliwe. Daraja lilikamilika, likapakwa rangi, na watu wakaendelea kuvuka mto nguo zikiwa zimepandishwa mapajani, kwa kuwa utepe wa daraja haujakatwa. Kazi hizo zote zilikuwa za mtu mmoja, Mheshimiwa Waziri wa Kufunga na Kufungua, na mtu mmoja hawezi kuwa kila mahali. Serikali ililiona tatizo hilo, ikamwongezea magari.

Hata mwaka haukuishia mwezi wa kumi na mbili kama miaka ya watu wengine. Mwaka ulifungwa na Mheshimiwa, wilaya moja baada ya nyingine, na ulifungiwa shuleni, siku ya kufunga shule, mbele ya wazazi. Akifika, mwaka umekwisha. Asipofika, Desemba inaendelea.

Sasa huko wilaya moja ya pembeni, penye Shule ya Msingi Kesho Kutwa, aliishi bibi mmoja akiitwa Bi Sikudhani. Alikuwa na miaka sitini na kitu, mpole, na subira yake ilijulikana mpaka sokoni. Wauza samaki walimhudumia wa mwisho siku zote, si kwa dharau, ila kwa kuwa wengine wakicheleweshwa wanapiga kelele na yeye hapigi.

Alisoma mpaka darasa la tatu. Hakufukuzwa, wala hakukosa akili. Mwaka ule shule yao ilifungwa na mkubwa mmoja kwa ngoma na vigelegele, watoto wakaambiwa waende nyumbani wakapumzike, mkubwa wa kuifungua yuko njiani. Wakapumzika. Yeye alipumzika mpaka akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, akapata mjukuu. Na mkubwa wa kuifungua yuko njiani mpaka leo.

Mjukuu huyo ndiye Asumini, wa darasa la saba. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi, akisikia jambo mara moja limeingia. Shule ya Wasichana ya Lukwale, iliyo wilaya ya pili ng'ambo ya mlima, ilimwandikia barua: nafasi yake ipo, aje na ripoti yake ya kumaliza darasa la saba, mwisho tarehe kumi na nane Januari. Siku hiyo ikipita, nafasi anapewa mwingine. Na Asumini akiikosa Lukwale, njia ilibaki moja tu, ghala la kahawa, alikokuwa mama yake, akichambua punje asubuhi hadi jioni na kurudi nyumbani akikohoa vumbi la maganda.

Ripoti zenyewe zilikuwa tayari. Hivyo ndivyo walivyosema. Zilikuwa ndani ya kasha, kasha limefungwa utepe wenye rangi za taifa, na utepe ulikuwa unamsubiri Mheshimiwa.

Kila jioni Asumini alirudi na kijikaratasi ndani ya daftari. Bi Sikudhani alivaa miwani yake yenye mkono mmoja, akaishika upande wa pili kwa kidole, akasoma kwa sauti, neno baada ya neno, kama walivyofundishwa zamani.

"Tangazo kwa Familia Namba Moja. Shule itafungwa tarehe nne Desemba na Mheshimiwa. Kila familia ilete kiti kimoja chenye miguu yote, na kuku mmoja mwenye afya. Mtoto aje ameoga."

Kuku alikwenda, kiti kilikwenda, Asumini akaoga. Mheshimiwa hakuja.

"Tangazo Namba Sita. Mheshimiwa amebanwa na majukumu. Wakati tukimsubiri, nyumba zinazoonekana kutoka barabarani zipakwe chokaa upande wa barabarani. Pande nyingine familia iamue yenyewe, maana hii ni nchi huru."

"Tangazo Namba Tisa. Familia inayotarajia kufiwa, kuozesha au kuzaa katika kipindi hiki itoe taarifa ofisini siku tatu kabla, ili tukio lake lisigongane na mazoezi ya mapokezi. Familia zenye msiba zilie kabla ya saa mbili asubuhi."

Jirani yake, Bi Kidawa, aliyekuwa amekuja kuomba chumvi, alishika kiuno. "Siku tatu kabla? Basi mume wangu yule, amelala pale anakoroma. Ngoja nikamwamshe aamue leo hii kama anakufa au hafi, tusije tukachelewesha ofisi."

Tangazo Namba Kumi na Nne lilikuja asubuhi, limebandikwa kwenye mlango wa kila nyumba. "Kwa kuwa Mheshimiwa hajafika, wananchi wanafahamishwa kuwa leo ni tarehe thelathini na mbili Desemba. Familia zilizokwisha kupeana heri ya mwaka mpya zirudishiane."

Bi Sikudhani alivua miwani. "Bi Kidawa, mimi na wewe tulipeana?"

"Tulipeana, shoga yangu. Alfajiri hii, pale uani."

"Basi nirudishie yangu, nami nikurudishie yako. Sitaki kuitwa ofisini uzeeni."

Wakarudishiana. Bi Kidawa alicheka mpaka akakaa chini, lakini Asumini hakucheka. Alikuwa anatazama ukutani, alikokuwa bibi yake amechora kwa mkaa mistari ya siku.

"Bibi, kule Lukwale leo ni tarehe moja Januari. Wao walishafungwa mwezi uliopita."

"Najua, mke mwenzangu," alisema Bi Sikudhani, maana ndivyo alivyozoea kumtania. Akachukua mkaa, akaanza safu ya pili chini ya ile ya kwanza: juu Desemba, chini Januari.

Tarehe thelathini na saba Desemba wageni wawili walibisha hodi. Mmoja alikuwa Mwalimu Mkuu Chaurembo, mtu mnene wa tai, aliyezoea kusema huku akitazama juu ya kichwa cha anayeambiwa. Wa pili alikuwa Bwana Ndimbo, afisa itifaki kutoka makao makuu. Bwana Ndimbo aliletwa kwa siku mbili kuandaa mapokezi, na kibegi kimoja. Sasa alikuwa na mwezi na ushei, kitambi kimetangulia, na kila siku alikula kuku wa familia moja.

"Shikamoo, Bibi," alisema Mwalimu Mkuu.

"Marahaba, wanangu. Karibuni."

"Bibi, tumekuja kwa jambo la taifa. Tunatafuta mgeni rasmi wa mazoezi."

Bwana Ndimbo akafafanua. Mapokezi lazima yafanyiwe mazoezi kila siku, na mazoezi lazima yawe sawasawa na siku yenyewe, bila kupungua hata ukucha. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukaa kwenye kiti cha Mheshimiwa. Wa kwanza walimpata bwana mifugo. Alianguka siku ya pili kwa jua. Wa pili alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Huyo alikipenda kiti, akakataa kushuka, wakamtoa kwa mgambo wanne.

"Tumeambiwa wewe unaweza kukaa," alisema Bwana Ndimbo.

"Kukaa naweza."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka mtakapochoka ninyi."

Wakatazamana kwa furaha. Bi Sikudhani akauliza, polepole: "Na ripoti ya mjukuu wangu?"

"Bibi, kaa vizuri," alisema Mwalimu Mkuu, akitazama paa. "Mheshimiwa akija, ya mjukuu wako itakuwa ya kwanza kutoka."

Akakubali. Mngefanyaje?

Kiti cha Mheshimiwa kilikuwa kochi jekundu lililokaa stoo miaka, na popo walilitumia kabla yake. Ukilikalia, lilitoa pumzi. Shingoni akavikwa shada la maua, lile lile la tarehe nne Desemba, kwa kuwa itifaki iliruhusu shada moja tu kwa ziara moja. Maua yalikuwa yameoza, yakawa meusi, yanachuruzika maji ya kahawia kifuani, na nzi walikuja kwa ukoo. Kila asubuhi mtoto mdogo wa darasa la kwanza alimvika shada hilo akiwa amebana pua, na kila asubuhi Bwana Ndimbo alifoka: "Tabasamu! Mheshimiwa hapokewi kwa pua iliyobanwa!"

Kisha gwaride. Kisha ngonjera yenye beti arobaini, inayomshukuru Mheshimiwa kwa mvua. Kisha kuzimia. Bwana Ndimbo alikuwa amepanga watoto wanne wazimie, wawili kila upande, maana Mheshimiwa hupenda kuona kwamba amesubiriwa. Lakini jua halikusoma ratiba. Walizimia tisa, siku nyingine kumi na mmoja, na waliozidi waliandikwa majina kwa utovu wa nidhamu.

Choo? Choo kipya kilikuwepo, kizuri, chenye mabati, kina miaka miwili kimefungwa utepe kikisubiri kuzinduliwa. Kile cha zamani kilibomolewa kupisha kipya. Kwa hiyo watoto mia nne walikimbilia nyuma ya madarasa, na upepo ukigeuka, harufu ilikuja moja kwa moja jukwaani. Mwalimu Mkuu alimwagiza fundi akapake chokaa nyuma ya madarasa. Fundi alipaka, palipo safi na pasipo safi.

Saa saba kililetwa chakula cha mgeni rasmi: pilau, kuku, maandazi. Mgeni rasmi wa mazoezi haruhusiwi kula, kwa sababu ni wa mazoezi. Lakini chakula lazima kionjwe, na mwonjaji alikuwa Bwana Ndimbo. Alikaa kivulini, mbele ya watoto waliotoka nyumbani na uji, akaonja mapaja, akaonja vidari, akaonja mpaka mifupa ikabaki myeupe. Mafuta yalimtiririka mpaka viwikoni. Akimaliza alijifuta kwenye ukingo wa kile kitambaa kikubwa kilichoandikwa KARIBU MHESHIMIWA, na kufika tarehe arobaini Desemba kitambaa kilikuwa na madoa ya samli kama ramani ya nchi.

"Leo chumvi imezidi kidogo," alisema, akitoa unyuzi wa nyama kwenye jino. "Kesho wachinje wawili, tulinganishe."

Bi Sikudhani alitazama. Kitu kilimpanda kifuani, akakimeza. Alikuwa na subira.

Mwisho wa yote ilikuwa hotuba. Karatasi ya hotuba ya Mheshimiwa ilitoka makao makuu, na mgeni wa mazoezi aliisoma ili Bwana Ndimbo apime dakika. Ilikuwa fupi: salamu, pongezi, kiu ya maendeleo. Halafu chini kabisa iliandikwa "Naagiza", ikafuatiwa na nukta nyingi, kwa kuwa Mheshimiwa huagiza linalomjia kichwani siku hiyo.

"Ukifika hapo sema tu 'naagiza', nyamaza kidogo, kisha kaa," alielekezwa.

Na alipofika hapo akasema "Naagiza," akanyamaza, watoto mia nne na wazazi wakaitikia kwa sauti moja kama walivyofundishwa: "TUMEPOKEA!" Ndipo Bwana Ndimbo alipofungua Kitabu cha Maagizo, kitabu kikubwa chenye kurasa zenye namba, akaandika "Naagiza" na nukta zake, akagonga muhuri. Maana mazoezi lazima yawe sawasawa na siku yenyewe.

Kitabu kile kilikuwa hakina mchezo. Kilichoingia humo kilitakiwa kitekelezwe kabla jua halijazama. Ukurasa hauchanwi, mstari haufutwi. Afisa itifaki aliyemtangulia Bwana Ndimbo aliliacha agizo moja likalala, naye akaenda kulala selo, na huko aliko mpaka sasa anasubiri Mheshimiwa aje kumfungulia.

Tarehe arobaini na sita Desemba, mazoezi yalipokwisha, Bi Sikudhani alivua shada, akajifuta shingo kwa upande wa khanga, akamfuata Mwalimu Mkuu ofisini. Bwana Ndimbo alikuwemo, amevua viatu.

"Mwalimu, zimebaki siku tatu. Lukwale mwisho wao ni tarehe kumi na nane."

"Kumi na nane ya nini?" aliuliza Bwana Ndimbo.

"Ya Januari, mwanangu."

"Januari ipi hiyo? Mimi kalenda yangu inasema Desemba. Bibi, unataka kuniambia serikali haijui tarehe?"

"Serikali inajua. Ila Lukwale nao wanajua yao."

"Hao wana pupa," alisema Bwana Ndimbo, akikuna unyayo. "Mtoto msomi haogopi kusubiri."

"Nipeni ripoti moja tu. Utepe nitaurudishia mwenyewe, nitaufunga vilevile. Najua kufunga."

Mwalimu Mkuu alitazama juu ya kichwa chake. "Bibi, wewe ni mfano wa uvumilivu katika wilaya hii. Tulishapendekeza upewe cheti. Usituharibie."

Mwalimu Rehani, aliyefundisha darasa la saba, alikuwa kwenye kona akichonga penseli. Alikuwa kijana mpole. Bi Sikudhani alipomgeukia, aliinama akachonga penseli ile mpaka ikaisha.

Jioni hiyo Asumini alimkuta bibi yake mbele ya nyumba, miwani usoni, karatasi ya hotuba mapajani. Alikuwa ameomba aje nayo nyumbani, aizoee. Mtoto alikaa pembeni yake, macho mekundu.

"Bibi, mimi basi. Mama amesema ghalani kuna nafasi."

Kidole cha Bi Sikudhani kilikuwa kimesimama chini ya karatasi.

"Hizi hapa," alisema, "hizi nukta. Nimezisoma siku kumi."

"Hizo hazisomwi, Bibi."

"Ndiyo. Hazisomwi." Alivua miwani, akacheka kidogo, kicheko ambacho Asumini hakuwahi kukisikia. "Sisi darasa la tatu hatukufika mbali, mke mwenzangu. Kugawanya hatukufika. Lakini zoezi moja tulilifanya mpaka chaki ikaisha. Unajua linaitwaje? Jaza nafasi zilizoachwa wazi."

Tarehe arobaini na nane Desemba jua lilikuwa kali. Shada lilivikwa, ua moja likaanguka likamwangukia mtoto mguuni, akatapika, naye akaandikwa jina. Ngonjera ilikwenda mpaka ubeti wa arobaini. Walizimia kumi na wawili. Bwana Ndimbo alionja. Kisha Bi Sikudhani akasimama mbele ya kipaza sauti, akashika miwani kwa kidole, akasoma salamu, pongezi, na kiu ya maendeleo. Akafika chini.

"Naagiza," alisema.

Watu wakavuta pumzi waitikie.

"Naagiza kasha la ripoti lifunguliwe. Sasa hivi."

"TUMEPOKEA!" waliitikia watoto mia nne. Ndivyo walivyofundishwa.

Na Bwana Ndimbo, kwa mazoea ya mkono, alikuwa ameshaandika. Muhuri ulikuwa umeshagonga kabla masikio yake hayajafikisha habari kichwani. Alitazama ukurasa. Jasho likamtoka juu ya mafuta.

"Bibi! Unasoma nje ya karatasi!"

"Nasoma ndani ya karatasi, mwanangu. Palikuwa na nafasi."

"Hiyo nafasi ni ya Mheshimiwa!"

"Na kiti ninachokalia ni cha nani?"

Bi Kidawa, katikati ya wazazi, alipiga kigelegele, halafu akajifanya hakuwa yeye.

Bwana Ndimbo alishika ukurasa, akaona namba yake pembeni, akauachia kama umemuunguza. Alitazama jua. Alimkumbuka mwenzake wa selo. Akainuka mwenyewe, akakata utepe kwa kisu cha kuku.

Ndani ya kasha mlikuwa na matofali matatu na gazeti.

Nzi tu ndio walisikika.

"Hilo," alisema Mwalimu Mkuu, na kwa mara ya kwanza hakutazama juu, "hilo ni kasha la mazoezi."

"La kweli liko wapi?" aliuliza Bi Sikudhani.

Mwalimu Rehani alisogea mbele, penseli nyingine mkononi. "Bibi, la kweli ndilo hilo. Matofali yaliwekwa ili Mheshimiwa akilinyanyua aone uzito wa kazi yetu. Fomu ziko kabatini, tupu. Hatukupata nafasi ya kuandika. Tangu mwezi wa tisa tuko kwenye mazoezi." Akaichomeka penseli nyuma ya sikio. "Lakini alama za mitihani ninazo. Kwenye daftari langu. Nilizificha."

Bi Sikudhani alikaa juu ya kochi, likatoa pumzi yake. Siku kumi na mbili alikuwa amekaa kwenye mkojo wa popo, maji ya maua yaliyooza yakimwingia kifuani, kwa ajili ya matofali matatu. Safari hii kilichompanda hakukimeza. Aligeuka pembeni, akatema mate, mbali na watoto, kwa adabu. Kisha akasimama tena.

"Naagiza ripoti ziandikwe hapa hapa, mbele yangu, darasa la kwanza mpaka la saba, zigongwe muhuri, kila mtoto aondoke na yake."

"TUMEPOKEA!" Safari hii walioitikia walimaanisha. Hata waliozimia waliitikia.

"Na naagiza kile choo kifunguliwe."

Bwana Ndimbo aliandika huku akilia. Choo kilifunguliwa, na foleni yake haikuonekana mwisho. Walimu waliketi chini ya turubai wakaandika, kalamu zikipita mkono kwa mkono. Mwalimu Rehani aliandika ya Asumini kwanza: Hesabu tisini na moja, Lugha themanini na nane, Tabia njema. Kwenye tarehe alisita.

"Niandike ya wapi, Bibi?"

"Andika ya hapa. Sisi hatujui uongo mwingine."

Akaandika: 48 Desemba.

Walilala mapema, wakaondoka kabla jua halijachomoza, bibi na mjukuu, ripoti imefungwa ndani ya nailoni. Walipopumzika kwenye duka moja chini ya mlima, redio ya mwenye duka ilikuwa inasoma habari. Mheshimiwa Waziri wa Kufunga na Kufungua, ilisema redio, jana aliifunga Shule ya Msingi Kesho Kutwa kwa shamrashamra zisizo na kifani, ambapo alitoa maagizo matatu mazito, likiwemo la choo, yaliyotekelezwa papo hapo. Wananchi walibubujikwa na machozi. Kitabu cha Maagizo kimeshafikishwa makao makuu, na afisa itifaki aliyesimamia, Bwana Ndimbo, amepandishwa cheo.

"Bibi!" Asumini alisimama. "Ni uongo! Ni wewe! Hata hakuja!"

"Kunywa maji, mke mwenzangu. Njia bado ndefu."

"Hukasiriki?"

"Sikasiriki. Nataka kutapika, lakini nikitapika tutachelewa."

Walifika Lukwale alasiri, tarehe kumi na nane Januari, geti likiwa wazi. Karani wa shule, mama mmoja wa makamo mwenye kilemba cha kijani, aliichukua ripoti, akaisoma, akafika kwenye tarehe.

"Desemba arobaini na nane," alisema karani. "Mmewahi ninyi. Mwaka juzi nilipokea ya tarehe tisini na mbili." Akafungua daftari, akaandika jina, akagonga muhuri. "Haya. Nafasi ni yako, binti. Hakuna wa kukuondoa."

Asumini alimkumbatia bibi yake, uvundo wa shada ukiwa bado kwenye khanga. Bi Sikudhani alimpigapiga mgongoni. Kisha akatazama juu ya bega la mtoto, akaona madarasa. Milango yote ilikuwa imefungwa, na kwenye kila mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, palikuwa na utepe.

"Masomo yanaanza lini?" aliuliza.

"Ah, hilo," alisema karani, sauti ikishuka. "Mwaka wetu ulifungwa vizuri sana. Sasa tunasubiri kufunguliwa. Mheshimiwa yuko njiani."

Maneno hayo Bi Sikudhani aliyasikia mara ya kwanza akiwa na miaka tisa, amevaa sare, akiambiwa aende nyumbani akapumzike.

Uwanjani wasichana walikuwa wamepanga mistari. Palikuwa na kipaza sauti, palikuwa na meza ya chakula, na nyuma yake bwana mmoja mwenye tai alikuwa anaonja. Mbele kulikuwa na kiti kikubwa cha bluu, kitupu.

Karani alimtazama bibi huyu mtulivu kuanzia miguuni hadi kichwani, kama mtu anayekadiria kitambaa. "Samahani, Mama. Mgeni wetu wa mazoezi jana alianguka kwa jua. Wewe unaonekana mtu wa subira. Unaweza kukaa?"

Bi Sikudhani alishusha mzigo wake chini. Alitoa miwani kwenye pindo la khanga, akaipuliza vumbi, akaivaa, akashika kwa kidole upande usio na mkono.

"Kukaa naweza," alisema. "Kitabu cha Maagizo mnacho?"